Chati mtiririko, sudokodi au kibodi moja kwa moja: upange vipi programu ndogo?

"Maalim, kwani lazima tuchore?"

Swali hili nalisikia kila darasa jipya linapoanza. Nafundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jioni hapa Wete, Pemba: vijana kumi na mmoja, kompyuta nne. Nikishatoa zoezi, darasa hugawika mapande matatu. Wapo wanaotoa rula na penseli hata sijamaliza kueleza. Wapo wanaoandika hatua kwa maneno yao kwenye daftari. Na wapo wanaokimbilia kompyuta, maana akichelewa mtu atakuta viti vimekwisha. Zamani nikiwalazimisha wote wachore. Siku hizi silazimishi, na haya nayaandika kwa ajili ya yule aliyekwama katikati, hajui ashike penseli au kibodi.

Tuyataje majina kwanza. Chati mtiririko, ambayo wengi tunaiita flochati, ni mchoro wa hatua za programu kwa maumbo na mishale. Sudokodi ni hatua zile zile kwa maneno, mstari chini ya mstari, lugha nusu ya binadamu nusu ya mashine. Njia ya tatu haina jina la heshima: unafungua kompyuta, unaandika mistari mitatu, unaiendesha, ikikubali unaongeza mitatu mengine. Mistari hiyo nitaiita msimbo. Wapo wanaosema "kodi", lakini kwetu kodi ni ya nyumba, na darasani ilishaleta kicheko zaidi ya mara moja.

Zoezi tutakalolitumia

Ami yangu ana karafuu zake, zimeshakauka juu ya majamvi na kuingia kwenye magunia, zinasubiri kupelekwa kituoni. Karafuu Zanzibar hununuliwa na ZSTC, shirika la biashara la Serikali, kwa kilo na kwa daraja: la kwanza, la pili na la tatu. Tunataka programu iulize uzito na daraja la kila gunia, ijumlishe, kisha imwambie Ami atarajie shilingi ngapi.

Bei nitakazotumia ni za mfano tu, ili hesabu iwe nyepesi: 10,000, 9,000 na 8,000 kwa kilo. Magunia ni matatu. La kwanza kilo 48, daraja la kwanza. La pili kilo 50, daraja la pili. La tatu kilo 45.5, daraja la kwanza tena. Kwa mkono tunapata 480,000, 450,000 na 455,000, jumla 1,385,000. Iandike namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Tunapima kwa nini

Watu wengi huuliza njia ipi ina kasi zaidi. Mimi naanza na swali jengine: njia hii inakuonesha kosa gani mapema, na kosa gani inakuficha? Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza na kizito kuliko vyote. Cha pili ni ugumu wa kubadilisha mpango wenyewe mawazo yakibadilika. Cha tatu ni nani mwengine ataweza kuusoma. Cha nne ni umbali uliobaki kutoka kwenye mpango hadi programu inayofanya kazi.

Chati mtiririko

Umbo la yai ni mwanzo na mwisho. Msambamba ni kuingiza au kutoa taarifa. Mstatili ni kazi, kama kuzidisha uzito kwa bei. Na lile umbo la kashata ni swali la ndiyo au hapana, ambalo lazima litoke na mishale miwili. Maumbo haya hakujibunia kila mtu nyumbani kwake: yamo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 5807 cha mwaka 1985, kwa hiyo chati ya Wete inasomeka popote.

Kosa inaloonesha. Binti mmoja darasani alichora vizuri tu: yai, mstatili wa "jumla = 0", msambamba wa kusoma uzito na daraja, kashata za madaraja, mstatili wa kuongeza kwenye jumla, kisha kashata ya "Kuna gunia jengine?" Mshale wa Ndiyo akaupandisha juu kabisa, ukaingia kabla ya "jumla = 0". Mwenzake aliyekaa naye akaweka kidole kwenye mstatili ule: "Sasa si kila gunia unaifuta hesabu?" Ilichukua nusu dakika. Wiki hiyo hiyo kijana mwengine, aliyeanza kwenye kompyuta, alifanya kosa lile lile kwa kuandika jumla = 0 ndani ya kitanzi, yaani ile sehemu ya programu inayorudiwa kwa kila gunia. Programu yake haikulalamika hata kidogo. Ikamwambia shilingi 455,000, yaani gunia la mwisho peke yake, na yeye akamaliza jioni nzima akiituhumu alama ya kuzidisha.

Chati ilimfichulia binti yule na jambo la pili. Alikuwa na kashata tatu: daraja la 1? la 2? la 3? Ya mwisho ikatoka na Ndiyo yake, na Hapana ikabaki inaning'inia pembeni ya karatasi haina pa kwenda. Akaniuliza, "Maalim, hii niipeleke wapi?" Swali zuri kuliko yote ya jioni ile. Mtu akibonyeza 4 kwa bahati mbaya, itakuwaje? Chati haikubali mshale usio na mwisho, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Inachoficha ni kila kitu cha mashine yenyewe. Kashata ya "Kuna gunia jengine?" haikwambii kwamba mtu ataandika "Ndiyo" kwa herufi kubwa na programu yako inatazamia "ndiyo" kwa ndogo.

Kubadilisha. Hapa chati ni mzigo. Ukitaka kuingiza mstatili mmoja katikati ya karatasi, unafuta nusu ya ukurasa, mishale inakatana, na ukifika maumbo kumi na tano umeshapata wavu wa dagaa. Programu ya kuchorea ya draw.io hupunguza adha hii kwa sababu ukisogeza umbo mishale inalifuata, na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Flowgorithm, ya bure na ya Windows, inakwenda mbali zaidi: inaiendesha chati yenyewe na kukupa jibu. Lakini zote mbili zinakurudisha kwenye foleni ya kompyuta, na nusu ya raha ya chati ni kwamba inafanyika barazani, umeme uwepo usiwepo.

Msomaji mwengine. Hakuna njia inayoishinda chati mbele ya mtu asiyejua programu. Nilimpelekea Ami ile chati. Hajui Python wala hataki kuijua. Akaifuata kwa kidole kutoka yai la juu, akashuka, akafika penye "soma uzito", akasimama. "Mwanangu, na gunia lenyewe je? Mizani inapima karafuu na gunia lake." Sote darasani tulikuwa tumelisahau. Msimbo ningempelekea asingefika mstari wa pili.

Umbali uliobaki. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walionesha kwamba mtiririko wowote unaweza kujengwa kwa mambo matatu tu: kufuatana, kuchagua na kurudia. Kwa mwanafunzi maana yake ni hii: mshale wa penseli unaweza kuruka popote, lakini Python haina amri ya kuruka popote. Mshale unaotumbukia katikati ya kitanzi chengine hauandikiki. Kwa hiyo nawaambia mshale wa kurudi urudi mwanzo wa kitanzi tu, basi. Asiyefuata hilo hukuta chati yake nzuri haigeuki kuwa programu.

Inamfaa nani. Anayechanganyikiwa na vitanzi na masharti, anayepanga pamoja na wenzake, na mwenye mteja asiyejua kompyuta. Haimfai sana mwenye programu ya mistari sita iliyonyooka. Hapo ni kupaka rangi tu.

Ninayo hoja moja ya pembeni kuhusu chati. Wazazi wake si watu wa kompyuta. Frank na Lillian Gilbreth waliwaonesha wahandisi wa Marekani chati za kazi mwaka 1921, kwa ajili ya viwanda na mikono ya wafanyakazi. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1940, Herman Goldstine na John von Neumann wakatumia michoro ya mtiririko kupangia programu za kompyuta. Wakati huo mashine zilikuwa za kuhesabika, na kosa moja lilimaanisha kusubiri zamu upya. Kupanga kwenye karatasi kulikuwa ni kuokoa muda wa mashine. Mwenye kompyuta yake chumbani leo hana shida hiyo, jibu analipata kwa sekunde. Vijana wangu kumi na mmoja wenye kompyuta nne wanayo. Ukisikia mtu mtandaoni anasema chati zimepitwa na wakati, muulize kwanza anagombea kiti na nani.

Sudokodi

Zoezi letu kwa sudokodi ni hili:

ANZA
jumla = 0
RUDIA
    soma uzito, daraja
    KAMA daraja ni 1, bei = 10000
    AU KAMA daraja ni 2, bei = 9000
    VINGINEVYO bei = 8000
    jumla = jumla + uzito x bei
    uliza kama kuna gunia jengine
MPAKA jibu liwe hapana
andika jumla
MWISHO

Kosa inaloonesha. Mpangilio: nini kiko ndani ya nini. Mistari iliyosogezwa ndani inaonekana kwa jicho, na katika Python kusogeza huko si pambo, ndiko kunakoiambia kompyuta kitanzi kinaishia wapi. Anayesahau kusogeza kwenye daftari atasahau na kwenye kibodi, bora umkamate mapema.

Sasa tazama tena lile neno VINGINEVYO. Daraja la 4, la 7, hata la 100, yote yatalipwa 8,000, na sudokodi imenyamaza kimya. Lile swali la "Hapana iende wapi?" halikuulizwa, kwa sababu neno moja limeuziba mlango. Udhaifu mkubwa zaidi ni mstari mtupu wenye sura ya mstari kamili. Nimeshaona kwenye madaftari: "shughulikia gunia". Au "hesabu malipo kwa usahihi". Kwa usahihi vipi? Lugha ya binadamu ina huruma, inasitiri usichokijua.

Kubadilisha. Rahisi mno. Ami aliposema habari ya gunia, sudokodi ilihitaji mstari mmoja chini ya "soma": uzito = uzito - uzito wa gunia tupu. Kwenye chati ilibidi kuchora upya nusu ya ukurasa.

Msomaji mwengine. Inategemea. Mwenye mwanga kidogo wa programu ataisoma bila shida, hata ikiwa kwa Kiswahili kitupu. Inatumwa kwa WhatsApp kama ujumbe wa kawaida, kwa hiyo aliye Unguja na aliye Pemba wanaweza kupanga pamoja usiku mmoja bila kupiga picha karatasi iliyokunjika. Ila haina kiwango kinachowafunga wote. Mimi naandika RUDIA, mwengine ataandika ENDELEA, wa tatu atachanganya na Kiingereza cha skuli. Mkiwa kundi, kubalianeni maneno kumi ya mwanzo.

Umbali uliobaki. Mfupi kuliko wa chati. Karibu kila mstari wa sudokodi unageuka mstari mmoja wa Python.

Inamfaa nani. Anayejua tayari kitanzi ni nini na ana masharti mengi ya kupanga, au ambaye mpango wake utabadilika kesho na keshokutwa.

Wataalamu nao hawakuafikiana kati ya chati na maneno. Mwaka 1977 Ben Shneiderman na wenzake wa Marekani walifanya majaribio kadhaa juu ya chati zenye maelezo mengi wakati wa kuandika, kuelewa na kurekebisha programu, wakashindwa kuona faida yake. Mwaka 1989 David Scanlan akalinganisha sudokodi na chati zilizochorwa kwa nidhamu, akakuta wanafunzi wanaelewa chati kwa haraka zaidi na kwa makosa machache. Mtu anaweza kuchukua utafiti mmoja akaupunga kama bendera. Mimi nikiwatazama vijana wangu naona pande zote mbili: chati iliyojaa kila kitu inachosha, chati safi ya masharti machache inaeleweka mara moja.

Kibodi moja kwa moja

Naomba njia hii isidharauliwe. Si uvivu, ikiwa inafanywa kwa vipande vidogo na kila kipande kinaendeshwa kabla ya kuongeza chengine. Ni uvivu ukiandika mistari arubaini kwa mpigo kisha ukaanza kutafuta mchawi.

Kosa inaloonesha. Yale ambayo karatasi haiyajui. Gunia la tatu lina kilo 45.5. Aliyeandika int ili kugeuza maandishi kuwa namba, programu inamkatalia pale pale, kwa sababu int ni ya namba kamili na haipokei nukta kwenye maandishi, inatakiwa float, ya namba zenye nukta. Hakuna kashata wala RUDIA itakayokwambia hivyo.

Lakini kipo kisa kibaya zaidi, na ndicho ninachowapa vijana kila muhula. Katika Python, unachokipata kwa input, amri ya kupokea anachoandika mtu, ni maandishi, hata kama mtu ameandika 1. Ukilinganisha maandishi "1" na namba 1, jibu ni kwamba havilingani. Kijana mmoja aligeuza uzito kuwa namba akasahau daraja. Programu ikaenda vizuri, haikutoa kosa, magunia yote matatu yakaangukia kwenye else, ile VINGINEVYO ya Python, yakalipwa 8,000. Kilo 143.5 mara 8,000 ni 1,148,000. Namba nzuri, inayoaminika. Angemwambia Ami hivyo, Ami angeshukuru. Ni kwa sababu tulikuwa na ile 1,385,000 pembeni ndipo tulipojua kwamba shilingi 237,000 zimeyeyuka.

Kwa hiyo kibodi huonesha makosa ya mashine kwa sharti moja: uwe na jibu la mkono kabla ya kuanza. Asiye nalo anaendesha tu, akiona namba anafurahi.

Kubadilisha. Hapa kila kitu ni chepesi, hadi wepesi wenyewe unakuwa hatari. Unabadilisha mara ishirini, na ukifika ya ishirini hukumbuki ya tatu ilikuwaje. Hifadhi nakala kila inapofanya kazi, hata kwa majina ya gunia1, gunia2, gunia3.

Msomaji mwengine. Msimbo Ami hausomi, lakini programu anaweza kuitumia. Mkalishe mbele yake, aingize magunia yake mwenyewe, mtazame anapokwama. Kwa maswali ya nje hivyo ni bora kuliko karatasi. Kwa maswali ya ndani, hasa la uzito wa gunia tupu, asingeliona.

Umbali uliobaki. Hakuna, umeshafika, au unadhani umefika.

Inamfaa nani. Anayeelewa tatizo lakini hajaizoea lugha, na anataka kujua input inarudisha nini au kitanzi kinasimama vipi. Pia mwenye chombo chake mwenyewe, hata simu: Pydroid 3 inaendesha Python kwenye Android bila intaneti, na vijana wangu wawili wamejifunza nusu ya waliyonayo kwa njia hiyo, mmoja wao akiwa safarini kwenye boti.

Sasa ushike ipi

Ikiwa programu zako zinatoa jibu bila kulalamika na jibu si sahihi, na kosa linakuwa kwenye kitanzi au sharti, chora chati. Chora lile eneo la kitanzi tu, si programu nzima, na hakikisha kila kashata ina mishale miwili yenye pa kwenda.

Ikiwa programu yako inakataa hata kuanza, kila mara kuna mstari mwekundu, chati haitakusaidia kitu. Tatizo lako ni lugha. Kaa kwenye kibodi, vipande vidogo, jibu la mkono pembeni.

Ikiwa masharti ni mengi na mwenye kazi anabadilisha maneno kila akikutana nawe njiani, andika sudokodi. Ukiwa na mtu wa kumwonesha asiyejua kompyuta, mchoree chati kutokana na sudokodi hiyo mara tu mambo yatakapotulia. Hata michoro miwili mitatu inatosha.

Kwa mtihani, tumia inayotakiwa kwenye karatasi ya maswali, na jifunze zote mbili za karatasi, maana huchagui wewe. Anayejiandaa kuingia SUZA, chuo kikuu cha Serikali hapa Zanzibar, au Taasisi ya Karume kusomea kompyuta naye asijifunge na moja.

Kwa foleni kama yetu ya kompyuta nne, panga kwenye karatasi ukiwa unasubiri, kwa njia yoyote, na zamu yako ikifika uwe na namba ya kuhakikishia.

Na ukirithi programu ya mtu ambaye hayupo tena na hakuacha maelezo, anza kinyume: soma msimbo wake, uchore chati kutokana nao, ufuate mishale kwa kidole kama alivyofanya Ami. Programu ya magunia tunayoitumia sasa nilichorewa hivyo na yule binti, miezi kadhaa baada ya kuandikwa. Kashata ya daraja bado ilikuwa na Hapana inayoning'inia.